"Sanduku la Pandora" halikuwa sanduku. Nani aligeuza kasiki likawa kijaluba?

#1 Kalamu Nyeusi

Wakuu, salaam.

Tangu zile Nyaraka za Pandora, nyaraka zilizovuja kuhusu mali zilizofichwa ng'ambo, zitoke Oktoba 2021, "sanduku la Pandora" halikauki magazetini. Nataka tuliweke sawa. Kisa ni cha mwanamke aliyeumbwa na miungu wa Kigiriki, chombo kikafunguliwa na maovu yakaruka duniani. Katika shairi la Hesiod, mshairi wa Kigiriki wa kale, *Kazi na Siku*, ambalo ndilo simulizi kongwe tuliyonayo ya kisa hiki, hakuna sanduku. Kuna *pithos*: kasiki la udongo la kuwekea divai, mafuta au nafaka, ambalo mara nyingi hufukiwa ardhini mpaka karibu na shingo. Kwenye maghala ya Knossos, Krete, yapo yenye kimo cha mtu mzima. Mstari wa 94 unasema mwanamke aliuondoa kwa mikono yake "mfuniko mkubwa" wa pithos. Chombo hicho habebi mtu kwapani.

Sasa mwaka 1508, mjini Venice, Erasmus, msomi wa Uholanzi, anachapa mkusanyo wake mkubwa wa methali, *Adagia*, kwenye mashine za Aldus Manutius. Humo Pandora anakuja na *pyxis*, yaani kijaluba chenye mfuniko. Kuanzia hapo kasiki likaanza kupotea.

Dai langu: ni kosa la tafsiri. Pithos na pyxis yanafanana kwa sauti, jicho likateleza, Ulaya nzima ikalibeba kosa kwa miaka 500. Anayepinga aje na hoja.

#2 Pambizo

Napinga, mkuu, na naanzia kwenye neno lako "tafsiri". Erasmus hakuwa anamtafsiri Hesiod pale. Alikuwa anaeleza methali.

Tukijua kitabu kilivyojengwa, hoja inakaa vizuri. Methali zimepangwa kwa maelfu, kila elfu ina mia kumi, kila mia ina namba zake. Kisa cha Pandora kiko elfu ya kwanza, mia ya kwanza, namba 31: *Malo accepto stultus sapit*, mjinga huerevuka akishapatwa. Kwa kawaida Erasmus anaweka methali kwa Kilatini, anaonyesha sura yake ya Kigiriki na waandishi walioitumia, kisha anaeleza chanzo chake na namna ya kuitumia. Chanzo cha hii kimo ndani ya Hesiod mwenyewe: mstari wa 218, "mjinga hujua akishaumia", na mstari wa 89, ambapo Epimetheus, aliyempokea Pandora, "alipokwisha kupokea, uovu ukiwa tayari mikononi, ndipo alipotambua".

Tazama sasa anavyosimulia. Jupiter, mfalme wa miungu, anamtuma Pandora kwa Prometheus *kwanza*. Prometheus anakataa na kumwonya ndugu yake, Epimetheus, asipokee zawadi yoyote yeye akiwa hayupo. Pandora anarudi, anambembeleza Epimetheus, anampa kijaluba. Kisha Epimetheus *ndiye* anayekifungua, maradhi yanaruka nje.

Kwa Hesiod, Hermes, mjumbe wa miungu, anampeleka Pandora moja kwa moja kwa Epimetheus, na Pandora ndiye anayefungua. Kwa hiyo chombo kimebadilika, safari imebadilika, na mfunguaji amebadilika. Jicho lililoteleza kwenye neno moja haliwezi kubadili vitu vitatu vinavyokwenda sambamba namna hiyo.

#3 Mbuyuni

Hiyo *Malo accepto* si ndiyo "majuto ni mjukuu" yetu?

#4 Lahaja Mbili

Iko karibu, Mbuyuni, ila majuto ni mjukuu hakuna aliyeonywa. Kwa Epimetheus yupo aliyeonya. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu" inamkaa zaidi. Hata majina yenyewe yanasema: Prometheus ni mwenye kufikiri kabla, Epimetheus ni mwenye kufikiri baadaye.

Kuhusu vyombo, namshukuru mleta uzi kwa kutumia kasiki na kijaluba, maana "sanduku" linaficha tofauti. Pyxis jina lake linatokana na *pyxos*, mti mgumu uliochongwa vijaluba vya wanja, marashi na dawa. Kilatini kikalichukua, na ndiko kulikotoka *box* ya Kiingereza na *Büchse* ya Kijerumani. Kwa hiyo anayeandika "boksi la Pandora" kwa Kiswahili amelitamka neno la Erasmus lenyewe, limezunguka tu njia ndefu. Pithos kwa Kilatini ni *dolium*, na Erasmus alilijua neno hilo vizuri sana. Asingekwama kwa kukosa msamiati.

#5 Msomi wa Usiku

Ngojeni. Maelezo ya kitaalamu yaliyozoeleka si "kosa la tafsiri", ni mchanganyiko wa visa viwili. Dora na Erwin Panofsky, wanahistoria wa sanaa, waliyaeleza mwaka 1956: Erasmus alimchanganya Pandora na Psyche.

Psyche ni msichana wa kibinadamu katika riwaya ya Kilatini ya Apuleius, kitabu cha sita. Venus, mungu wa kike wa mapenzi, anampa kazi ya mwisho: ashuke kuzimu akiwa na pyxis, Proserpina, malkia wa kuzimu, amwekee humo uzuri kidogo wa siku moja. Anakatazwa kufungua. Njiani anafungua, humo hamna uzuri bali usingizi wa kuzimu, naye anaanguka. Mwanamke, kijaluba, katazo, kufungua, balaa. Vinafanana mno.

Na wakati unaruhusu. Apuleius alichapwa Roma mwaka 1469, na mwaka 1500 Filippo Beroaldo akatoa Bologna ufafanuzi mkubwa wa riwaya hiyo uliosomwa na wasomi wengi. Miaka minane kabla ya 1508. Kitabu kilikuwa mezani kwa kila mtu wa fani ile.

#6 Pambizo

Mkuu #5, hoja hiyo naiheshimu, lakini ina tundu. Kiini cha Psyche ni mwanamke aliyeshindwa kuzuia hamu ya kutazama ndani. Kama Erasmus alimvuta Psyche, Pandora wake angefungua mwenyewe. Kwake Pandora hafungui chochote, anatoa zawadi tu. Yaani alikopa kijaluba na kuacha kitendo kinachokifanya kijaluba kikumbukwe?

Mimi naona methali ndiyo iliyomwongoza. Mhusika wa methali ni mjinga aliyechelewa, na huyo ni Epimetheus. Ili aerevuke kwa kupatwa, lazima *yeye* apokee na *yeye* afungue. Ili apokee, kitu lazima kibebeke mkononi. Kasiki lililofukiwa sakafuni halitolewi zawadi. Chombo kimepunguzwa kikawa kidogo kwa sababu ya kazi ya simulizi.

#7 Kalamu Nyeusi

Nalegeza kamba kwenye "tafsiri", ila sijaiacha kabisa. Kitenzi chake cha kufungua ni *aperuisset*, ambacho hakionyeshi kama ni mwanamume au mwanamke. Je, tuna hakika anayefungua ni Epimetheus?

#8 Pambizo

Tuna hakika, kwa sarufi. Sentensi ni moja: mara alipokifungua, maradhi yakiruka nje, akahisi kwamba zawadi za Jupiter si zawadi, akaanza kuwa na akili kwa kuchelewa. Aliyefungua, aliyehisi na aliyeanza kuwa na akili ni mtenda mmoja. Pandora hana sababu ya kuwa na akili kwa kuchelewa, maana yeye ndiye mtego. Hapo kwenye "zawadi si zawadi" Erasmus ameacha maneno mawili ya Kigiriki katikati ya Kilatini, *dōra adōra*, usemi uliomo kwa Sophocles, mtunzi wa tamthilia wa Kigiriki.

#9 Fundi Mfinyanzi

Mnamzungumzia Erasmus bila kulitazama kasiki lenyewe, na ndilo lenye siri. Pithos kwa Hesiod ni akiba ya nyumba. Shairi hilohilo, mstari wa 368, linafundisha matumizi: kasiki likianza na likikaribia kwisha kunywa ushibe, katikati banisha, maana kubana likifika chini ni ubahili usio na faida. Mkulima anayesikiliza shairi anajua mfuniko wa kasiki ni ulinzi wa mwaka mzima. Ukiuacha wazi, hewa inachachusha divai, unyevu na wadudu wanaingia kwenye nafaka. Mwanamke mgeni anayefungua akiba asiyoijaza ni hofu ya ghala la mkulima.

Mwaka 1508 msikilizaji huyo hayupo. Msomaji wa Venice au Paris divai yake iko kwenye mapipa ya mbao. Picha ya kasiki haimgusi. Kijaluba kizuri mkononi mwa mwanamke mzuri anakijua siku hiyohiyo.

#10 Dirisha

Naomba nisahihishe #1. Si kweli kwamba kijaluba kilienea mara moja na kasiki likafa. Kwa miaka mingi vyombo viliishi pamoja.

Alciati, mwanasheria wa Milano, ndiye aliyeanzisha vitabu vya nembo: picha, kichwa cha maneno, shairi fupi la Kilatini. Chake kilianza kuchapwa Augsburg mwaka 1531. Ipo nembo ya Tumaini, shairi lake ni mahojiano. Anaulizwa: kwa nini vazi lako la kijani? Kwa sababu nikiongoza mimi vyote huchipua. Umeshika nini? Mishale ya mauti iliyovunjika. Kwa nini umekaa kivivu juu ya mfuniko wa *doliolum*, yaani *dolium* dogo? Nilibaki nyumbani peke yangu maovu yakiruka huku na huku, kama alivyofundisha mzee wa Ascra. Mzee huyo ni Hesiod. Kasiki lipo, mfuniko upo, mwandishi wake anatajwa kwa kijiji chake. Tena ni miaka 23 baada ya *Adagia*.

Nenda Louvre, jumba la makumbusho la Paris. Jean Cousin Mkubwa, mnamo 1550, alichora ubao wa upana wa takriban mita 1.5, mwanamke uchi amejinyoosha pangoni. Kiwiko cha kulia kimeegemea fuvu la kichwa, mkononi ana tawi la tufaha. Mkono wa kushoto umewekwa juu ya chombo kilichofunikwa, na nyoka ameuzunguka mkono huo. Juu yake kibao: *EVA PRIMA PANDORA*, Eva ndiye Pandora wa kwanza. Chombo ni gudulia. Hakuna boksi.

Rosso Fiorentino, naye alifanya kazi Ufaransa kabla ya kufa mwaka 1540, ana mchoro wa Pandora akifungua kijaluba. Kwa hiyo nchi moja, kizazi kilekile cha wasanii, vyombo viwili.

#11 Mbuyuni

Mkuu Dirisha, hapo kwa Eva ndipo nilipokuwa nasubiri. Tufaha na fuvu na kasiki kwenye ubao mmoja! Kumbe walimgeuza Pandora akawa Eva?

#12 Msomi wa Usiku

Hawakuanza wao. Origen, mwanateolojia Mkristo wa karne ya 3, katika jibu lake kwa Celsus, mpinzani wa Ukristo, alinukuu mistari ya Hesiod kuhusu Pandora na kasiki. Hoja yake: nyinyi Wagiriki mnacheka Mwanzo yenye mbavu na nyoka, mbona hiki chenu mnasema kina maana iliyofichika? Alitaka visa vyote viwili vipimwe kwa mizani moja. Wahumanisti, wasomi wa Ulaya waliofufua maandishi ya kale, waliposoma mababa wa kanisa, ulinganisho waliukuta umepikwa, wakaupakua.

Angalia lakini neno *prima* pale kwa Cousin. Hasemi Pandora alikuwa Eva wa Wapagani. Anasema Eva ndiye Pandora wa kwanza. Jina la kisasili limekuwa cheo, na mtu wa Biblia anakikalia.

#13 Tanga la Mbele

Na cheo hicho kinaweza kuwa cha heshima. Mkimsoma Pandora kama balaa tupu mtapoteza nusu ya habari. Jina lake ni *pan* na *dōron*, vyote na zawadi. Henri II, mfalme wa Ufaransa, alipoingia Paris kwa sherehe mwaka 1549, miongoni mwa mapambo ya njiani kulikuwa na Lutetia, yaani Paris yenyewe kwa jina la kale, kama Pandora *mpya*, mwenye zawadi zote. Hakuna anayempokea mfalme kwa kumwambia mji wake ni balaa. Kule London, Thomas Dekker alipompamba Elizabeth I kwa majina, aliandika kwamba wengine humwita Pandora, wengine Gloriana, wengine Cynthia.

Kabla ya hao wote yupo Boccaccio, mwandishi wa Italia, na *Genealogia* yake ya miungu, aliyoirekebisha mpaka kufa kwake mwaka 1375. Kigiriki chake kilikuwa haba, akimtegemea mwalimu wake Leontius Pilatus. Analipasua jina kuwa *pan*, vyote, na *doris*, uchungu: "mwenye uchungu wote". Na kwake Pandora si mwanamke wa kwanza. Ni mtu aliyeumbwa na Prometheus, binadamu kwa jumla, ambaye maisha yake yamejaa uchungu.

Kwa hiyo kabla hatujamlaumu Erasmus kwa chombo, kwa Boccaccio mhusika mwenyewe alikuwa mtu mwingine.

#14 Lahaja Mbili

Nakazia hapa kwa Tanga, kwa sababu upasuaji wa majina ndio ufunguo wa karakana ya wafafanuzi hao wa visasili. Hatua zilikuwa hivi: chukua jina la mungu, likate vipande viwili, tafuta kila kipande kwenye orodha za maneno za enzi za kati, unganisha maana, kisha toa fundisho la tabia, la maumbile au la historia. Fulgentius, mwandishi wa Kilatini, alifanya hivyo karne nyingi kabla yao. Kinachoharibika ni palepale mwanzo: ukikata mahali pasipo kiungo cha lugha, kila kinachofuata kinasimama juu ya hewa, hata kama fundisho lenyewe ni zuri. *Dōron* ni zawadi. Hakuna *doris* ya uchungu ndani ya jina lile.

Kosa lililokomaa zaidi ni Demogorgon. Boccaccio anaanza ukoo wa miungu yote na mzee huyu, amekaa tumboni mwa dunia, amevaa ukungu na umande. Miungu wa kale hawakuwahi kumjua. Katika maelezo ya pambizoni ya shairi la Statius, mshairi wa Kirumi, *Thebaid*, palikuwa na neno la Kigiriki *dēmiourgon*, muumba. Wanakili wasiojua Kigiriki wakaliandika kwa herufi walizozizoea, likatoka jina jipya. Jina likapata mwili, mwili ukapata watoto. Lilio Gregorio Giraldi, katika kitabu chake cha miungu cha Basel, 1548, ndiye aliyelikataa waziwazi: alitafuta kwa waandishi wa kale asimwone.

#15 Kalamu Nyeusi

Lahaja Mbili, umenirudishia hoja yangu mkononi! Kama mwanakili anaweza kumzaa mungu kwa kukosea herufi, kwa nini pithos isizae pyxis?

#16 Lahaja Mbili

Kwa sababu mwanakili wa Statius hakujua Kigiriki, na Erasmus alikijua. Mwaka 1508 aliishi kwa Aldus kama miezi 9, anaandika huku wachapaji wanapanga herufi, wasomi wa Venice wakimwazima miswada ya Kigiriki ambayo haijawahi kuchapwa. Kutoka methali 800 na kidogo za toleo la Paris la 1500 akafika zaidi ya 3,200. Hesiod kwa Kigiriki alikuwa amechapwa na nyumba hiyohiyo mwaka 1495.

#17 Dirisha

Sahihisho dogo: 1496. Kitabu kimeandikwa Februari 1495, lakini mwaka wa Venice ulianza tarehe 1 Machi, kwa hiyo Februari yao ya 1495 ni yetu ya 1496. Kosa hili limejaa kwenye orodha za vitabu vya Aldus, na dawa yake ni moja: ukiona Januari au Februari kwenye chapa ya Venice, uliza kwanza wamehesabu kwa kalenda ipi.

#18 Fundi Mfinyanzi

Kasi hiyo ya miezi 9 inaweza pia kuwa ushahidi wa upande wa pili. Mtu anayeandika methali 3,200 mchapaji akimsubiri anaandika kwa kumbukumbu. Kumbukumbu ndipo visa vinapochanganyika.

#19 Pambizo

Nakubali inawezekana, Fundi. Ila nawapa jambo moja mlipime. Erasmus anasema kijaluba kilikuwa *pulcherrima*, kizuri kupindukia, lakini ndani kimeficha kila aina ya balaa. Nje na ndani. Wazo hili lilikuwa linamwaka moyoni. Katika *Adagia* hiyohiyo ipo methali ya Sileni wa Alcibiades, aliyoipanua mno katika toleo la Basel la 1515. Sileni ni vinyago vidogo vya kuchonga vinavyofunguka: nje kichekesho, ndani sura ya mungu. Kwa Erasmus, Socrates ni Silenus, mitume ni Sileni, Kristo mwenyewe ni Silenus. Kisha anawageukia Sileni waliopinduliwa, watu wenye vyeo na mavazi ya kung'aa ambao ukiwafungua hukuti kitu cha maana.

Kijaluba cha Pandora ni Silenus aliyepinduliwa. Kasiki la udongo halina "nje" nzuri ya kudanganya mtu. Alihitaji chombo chenye uso.

#20 Bandari Kuu

Nimesoma uzi wote, shukrani kwa wote. Naongeza maelezo mengine yasiyotajwa: Maria Magdalena. Kwenye picha za makanisa ya Ulaya alama yake ni chombo kidogo chenye mfuniko, cha marhamu. Mtu wa mwaka 1500 ukimwambia "mwanamke mzuri na chombo", jicho lake lilikuwa limeshafundishwa ukubwa wa chombo hicho. Msanii hakuhitaji Apuleius wala Sileni.

#21 Msomi wa Usiku

Bandari, hilo linaeleza wachoraji. Halielezi neno la Erasmus kwenye ukurasa. Na kumbuka Cousin alichora gudulia, ingawa naye alimjua Magdalena kama kila mtu.

Pambizo, ya Sileni ni nzuri, ila Psyche bado hujamzika. Chombo cha Proserpina nacho ni cha kudanganya: nje ahadi ya uzuri, ndani usingizi wa kuzimu. Inaingia kwenye fumbo lako hilohilo.

#22 Mbuyuni

Wakuu, na ile Venus ya Botticelli, mchoraji wa Florence, iko mlango huohuo? Nimesikia si mapenzi, eti ni utu.

#23 Tanga la Mbele

Chanzo cha habari hiyo ni barua ya mwanafalsafa Marsilio Ficino kwa kijana Lorenzo di Pierfrancesco de' Medici, mnamo 1477 au 1478. Anatumia nyota za kuzaliwa kama somo la tabia: mwezi ni mwendo wa nafsi, Jupiter ni sheria, na kadhalika. Akifika kwa Venus anasema ni *Humanitas*, utu uliostaarabika, kisha anampitia kiungo kwa kiungo. Nafsi na akili yake ni upendo na huruma, macho ni hadhi na ukarimu wa moyo, mikono ni utoaji, miguu ni uzuri na staha. Ni mwili wa mungu uliogeuzwa orodha ya maadili, ili kijana akumbuke kwa kuutazama.

Gombrich, mwanahistoria wa sanaa, mwaka 1945, aliiunganisha barua hiyo na michoro ya Botticelli. Wapo waliomkatalia, wanaosema *Primavera* ni picha ya harusi na chanzo chake ni washairi. Huo ni uzi mwingine, Mbuyuni, ufungue tuje.

#24 Bandari Kuu

Turudi kwa Pandora. Kitu kimoja hakijaguswa: safari ya kwanza kwa Prometheus. Erasmus aliitoa wapi? Hesiod anasema Prometheus alimwonya ndugu yake, hasemi Pandora alipita kwake.

#25 Fundi Mfinyanzi

Kwenye maelezo ya pambizoni ya Hesiod yapo masimulizi tofauti, mojawapo likisema Prometheus alilipokea kasiki la maovu kutoka kwa satiri, kiumbe nusu mtu nusu mnyama, akaliweka kwa Epimetheus. Hiyo inaonyesha hata Wagiriki walisumbuliwa na swali: kasiki lilifikaje nyumbani mle? Hesiod hasemi. Mstari wa 94 linatokea tu, kama lilikuwepo siku zote. Yupo pia Philodemus, mwanafalsafa wa Kigiriki, anayesema wapo waliosimulia kwamba Epimetheus ndiye aliyefungua.

#26 Pambizo

Philodemus tumtoe mezani, mkuu. Maandishi yake yametoka kwenye mafunjo ya Herculaneum, mji wa Kirumi uliofukiwa na volkano, yaliyoanza kufukuliwa mwaka 1752. Erasmus hakuyaona. Vivyo hivyo fabula, yaani hadithi fupi yenye fundisho, ya Babrius, ambapo kasiki lilijaa *mema* yaliyorudi mbinguni: mswada wake ulipatikana Athos, mlima wa watawa huko Ugiriki, karne ya 19. Anayevitumia hivi kumtetea Erasmus anampa maktaba ambayo hakuwa nayo.

Hoja ya pambizoni ina uzito, kwa sababu inaonyesha pengo lilikuwepo kabla ya 1508. Na safari ya kwanza kwa Prometheus ilipata wafuasi. Francis Bacon, mwanafalsafa Mwingereza, 1609, anaisimulia hivyohivyo: Pandora anakwenda kwa Prometheus, anakataliwa, anakwenda kwa Epimetheus, naye anafungua bila kusita. Ila Bacon anaandika *vas*, chombo. Safari ameichukua, kijaluba amekiacha.

#27 Mwanafunzi wa Falsafa

Habari zenu. Ninauliza: Tumaini lilibakije kwenye chombo cha maovu? Ni jema au ovu?

#28 Lahaja Mbili

Ndipo penye ugomvi wa miaka mingi. Neno ni *elpis*, na Kiswahili kinatusaidia: linaweza kuwa tumaini, linaweza kuwa tarajio tu, la heri au la shari. Mstari wa 96 na 97: lilibaki ndani, chini ya midomo ya kasiki, halikuruka. Kasiki likiwa gereza, kilichobaki ndani hakitufikii, basi tumenyimwa. Kasiki likiwa ghala, kilichobaki ndani ndicho tulicho nacho. Hesiod anazichanganya picha zote mbili. Na mbele zaidi, mstari wa 500, anasema elpis "si njema" kwa mtu mhitaji anayekaa bure. Kwa mkulima yule, tumaini bila jembe ni hasara.

Alciati aliamua upande: vazi la kijani, mishale ya mauti imevunjika. Hilo ni tumaini la Mkristo limekalishwa juu ya kasiki la Mgiriki.

#29 Kalamu Nyeusi

Na Erasmus je, aliamua upande gani?

#30 Pambizo

Fungua namba 31 usome mpaka nukta ya mwisho. Zipo nakala zilizopigwa picha kwenye tovuti za maktaba kubwa za Ulaya, na maelezo ni mafupi, dakika tano yameisha. Vulcan, mungu mfua vyuma, anafinyanga sanamu, miungu wanatoa vipawa vya uzuri, mapambo, akili na ulimi, kijaluba kinatolewa, kinakataliwa, kinapokewa, kinafunguliwa, maradhi yanaruka, Epimetheus anaanza kuwa na akili. Basi. Tumaini halimo kabisa.

#31 Fundi Mfinyanzi

Hapo umenigusa, Pambizo. Kwa Hesiod elpis ilibaki chini ya midomo ya kasiki kwa sababu mfuniko ulirudishwa kabla haijaruka. Kijaluba hakina midomo. Ukiinua mfuniko, vyote vilivyomo viko wazi.

#32 Msomi wa Usiku

Lakini waliokuja baadaye na boksi lao walilirudisha Tumaini ndani, Fundi, wakaliweka kwenye kitako. Bacon naye, ndani ya *vas* yake, analiweka chini kabisa, si chini ya midomo. Nani wa kwanza kulihamisha kutoka juu kwenda chini? Mwenye ukurasa auweke hapa.

#33 Dirisha

Nitaanza na chapa za Alciati, maana wachongaji wa mbao walibadilika toleo kwa toleo na si wote walichora kasiki lilelile. Nipeni siku mbili.